Kadi Iwe Tupu

Kamunyonge, Musoma
8 Septemba 2024

Dada Matrida,

Kuanzia leo ukiulizwa mdogo wako ni nani, jibu hivi: ni yule mpiga picha ambaye Mungu mwenyewe akihitaji passport size atashuka Kamunyonge, atakaa kwenye kigoda changu, na nitamwambia ainue kidevu kidogo. Sista Jenoveva mlezi wenu hapo utawani, najua unaisoma barua hii kabla ya Dada. Shikamoo. Sijakufuru, nimeeleza tu hali ilivyo.

Shikamoo na wewe Dada. Hapa tuko salama. Barua hii anakuletea Mwamvita wa vitenge, akija gulioni Bunda. Nimemwambia kama simu mmekatazwa, basi yeye ndiye mtandao wetu.

Sasa habari yenyewe. Kuna kundi la vijana wapenda picha hapa mjini, wameandaa mashindano. Jumamosi hii tarehe 14. Siku moja, mada kumi na mbili, picha kumi na mbili. Saa moja asubuhi unaanzia Musoma, unapewa karatasi yenye mada nne. Ukimaliza unakimbia Butiama, unakuta meza nyingine na mada nne nyingine. Halafu Bunda, nne za mwisho. Saa moja jioni kamili meza ya Bunda inafungwa. Kila mada unapiga mara moja tu. Hakuna kurudia, hakuna kufuta, na zifuatane kama mada zinavyofuatana. Wanakagua kamera.

Wenzangu wanaogopa hiyo mara moja tu. Mimi nilikuwaga nawapiga watoto wa kipaimara themanini kwa asubuhi moja, na hakuna hata mmoja aliyefumba macho. Mshindi anapewa kamera mpya na mafunzo ya miezi mitatu Mwanza. Wengine watapewa cheti, nitawaonea huruma. Yule mwalimu wa form two aliyesema sitafika popote, nitamtumia picha yake akiwa ameshangaa.

Dotto atanibeba kwa pikipiki yake. Kamera nitatumia yako. Siombi, naarifu. Lakini kama unataka niombe, basi naomba.

Mdogo wako, bingwa,
Wanzagi

*

Bunda
11 Septemba 2024

Mdogo wangu Wanzagi,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba.

Sista Jenoveva alicheka kwenye ile passport ya Mungu, kisha akaniagiza nikuandikie kwamba hakucheka.

Kamera itumie. Nilikuachia kwa sababu Mama alisema ukikaa bila kitu mkononi utakwenda kuchimba dhahabu Buhemba, na mashimo ya kule yalishatuchukulia Baba. Nakuombea ushinde. Ukishindwa pia nitakuombea, na hapo nitahitaji sala ndefu zaidi maana nitakuwa nawaombea watakaokusikiliza.

Lakini kabla hujapiga hata picha moja, nisikilize. Ndani ya ile kadi ya kamera kuna picha za Mama za Krismasi iliyopita. Haziko mahali pengine popote. Tangu Machi tulipomzika unaniambia utazisafisha, utazisafisha. Sasa zihamishe kwenye kompyuta kabla ya Jumamosi. Halafu ile moja, ya ungo, umpelekee fundi Shomari aichape kwenye kigae cha kaburi. Misa ya kumbukumbu ni tarehe 9 Novemba, baba mdogo Makongoro ameshaita ukoo mzima Buswahili, na Shomari anataka apewe picha mapema.

Unaijua ninayoisema. Anapepeta ulezi mbele ya jiko, amegeuka akufokee kwamba unamaliza chaji kwa upuuzi, na kicheko kimemponyoka katikati ya kufoka. Usimpe Shomari picha ya kadi ya kura. Siku ile Mama alikuwa ametoka kwenye malaria, anaonekana kama mtu aliyekamatwa na mbuzi wa jirani.

Wewe ulimwona mpaka mwisho. Mimi nilifika akiwa kwenye jeneza, na huo ndio uso ninaolala nao kichwani. Nataka ule wa kwenye ungo. Kitu kingine kwako sitaki.

Dada yako,
Matrida

*

Kamunyonge, Musoma
17 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata jana Jumatatu, Mwamvita alichelewa. Ila usiwe na wasiwasi, mambo ya kadi mimi ndiyo kazi yangu. Picha za Mama ziko mahali pazuri.

Ngoja nikueleze jinsi watu wa mkoa huu walivyoniangusha.

Mada ya kwanza, Asubuhi. Nikakimbilia mwaloni, kando ya ziwa. Kuna akina mama wanaanika dagaa, jua bado liko chini nyuma yao, dagaa wanang'aa kama shilingi mpya. Nikasema moyoni, shindano limeisha, wengine warudi nyumbani. Nikainua kamera. Wote wakaacha dagaa, wakajipanga mstari, wafupi mbele. Nikawaambia, "Mama zangu, endeleeni na kazi." Mmoja akasema, "Tutaendeleaje na kazi tukiwa tunapigwa picha? Ngoja huyu afunge kitambaa vizuri." Nikapiga. Mstari wa akina mama, mikono imenyooka, na nyuma yao jua limefichwa na mama mmoja mnene kuliko wote. Halafu wananiuliza, "Utatuletea lini?"

Ya nne ilikuwa Haraka. Hiyo nilikuwa na akili nayo. Nikamwambia Dotto, "Rudi kule mwisho, njoo mbio, upite mbele yangu kama unafukuzwa." Dotto akaja, vumbi limetimka, kanzu ya mzee mmoja inapepea kando ya barabara, kitu safi. Alipofika mbele ya kamera akafunga breki. Akavua helmeti, akaweka mguu chini, akatabasamu. Nami kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Dada, picha yangu ya Haraka ni pikipiki imesimama na mtu anaonyesha meno.

Namuuliza, "Kwa nini umesimama?"

Ananiambia, "Sasa ningepita ungenipigaje?"

Butiama tulifika tumechelewa. Nikasema twende nyumbani Buswahili, kule ni kwetu, wananijua. Mada ya tano ilikuwa Kazi, na nikamkuta baba mdogo Makongoro anachimba mihogo, jasho linatiririka, mgongo umeinama, kila kitu kipo. Akaniona. "Unanipiga picha ya mashindano nikiwa hivi? Watu wa Mwanza waione?" Akatupa jembe, akaenda kuoga. Nakwambia kuoga, Dada, na maji alisubiri yachemke. Dakika hamsini nimekaa juu ya gunia. Akatoka amevaa koti la harusi, viatu vya kung'aa, akashika jembe kama kiongozi aliyekuja kupanda mti wa kumbukumbu. "Haya, piga. Na hilo jembe lionekane."

Ya nane hiyo sitaki hata kuizungumzia.

Bunda nako ilikuwa upepo tu. Nilikabidhi kamera dakika nne kabla ya meza kufungwa, Dotto anatapika kando ya barabara kwa mwendo tuliokuja nao. Mwendo huo asubuhi ungekuwa na faida.

Matokeo tarehe 28. Bado nina uhakika. Wenzangu nao walipiga watu hawa hawa.

Mdogo wako,
Wanzagi

*

Bunda
24 Septemba 2024

Wanzagi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimecheka mpaka nikapewa zamu ya kuosha masufuria. Baba mdogo na koti la harusi namwona kabisa.

Sasa nikuulize mambo matatu.

Jumamosi ile, saa kumi na moja jioni, kijana mwenye kamera na shati la njano alisimama nje ya geti letu. Akalipiga picha geti, mara moja. Halafu akabaki amesimama. Maige anayelinda getini akamuuliza anamtafuta nani, akasema hamtafuti mtu. Maige anasema alisimama dakika kama tano, kisha akaondoka. Ulikuwa na haraka, naelewa, nisingekulaumu kwa kutoingia. Lakini mtu mwenye haraka hasimami dakika tano mbele ya geti.

La pili. Umenieleza picha ya kwanza, ya nne, ya tano, kila moja na vichekesho vyake. Ya nane hutaki kuizungumzia. Toka lini wewe una kitu hutaki kukizungumzia?

La tatu. Mahali pazuri ni wapi?

Dada yako,
Matrida

*

Kamunyonge, Musoma
2 Oktoba 2024

Dada Matrida,

Shikamoo.

Tulikuwa thelathini na wanne. Mimi nimekuwa wa thelathini na mbili. Wawili walio nyuma yangu, mmoja kamera yake ilitumbukia ziwani akiwa kwenye mada ya Maji, na mwingine alilala Butiama akasahauliwa na wenzake. Kwa hiyo kati ya waliomaliza wakiwa macho na wakavu, mimi ndiye wa mwisho.

Jaji mkuu alikuwa mama mmoja kutoka Mwanza, amevaa miwani, anaongea polepole. Akaziweka picha zangu ukutani mbele ya umati. Akasema, "Huyu kijana mkono wake hautetemeki na mwanga anaujua. Lakini ametuletea vitambulisho kumi na viwili." Watu wakacheka, na Dotto akacheka kuliko wote, yeye mwenyewe akiwa ndiye kitambulisho namba nne. Mama akaendelea, "Kila mtu humu anasubiri aambiwe ageuke. Hujawahi kupiga mtu ambaye hakujua yuko kwenye picha?"

Nilitaka kumwambia neno.

Nimekasirika, Dada. Nimekasirikia dagaa, nimekasirikia koti, nimekasirikia ile sheria ya mara moja tu. Aliyeshinda ni binti wa Bunda, form four, ana kamera ndogo ya mkononi kama sabuni. Picha yake ya Kazi ni kisigino cha mtu. Kisigino tu! Kimepasuka, kina udongo, basi. Mwenye kisigino hata hajui mpaka leo kwamba ameshinda. Mimi ningempelekea mwenyewe kiti na kumwambia avae viatu.

Hayo ya geti, huyo si mimi. Wenye kamera tulikuwa wengi na shati la njano si langu peke yangu. Maige macho yake yapimwe.

Kwa Shomari nilikwenda, sikumkuta. Amesafiri, nasikia kuna msiba upande wa Tarime.

Halafu nilikuwa nataka kukuuliza. Hivi ile picha ya kadi ya kura ni mbaya kweli kama tunavyosema? Nimeitoa sandukuni nikaiangalia tena. Ukiishika mbali kidogo, na mwanga ukitoka kushoto, anaonekana mtu mwenye heshima zake. Mimi naweza nikaisafisha ile, nikamwondolea ule uchovu, nikamwekea na nguo ya kanisani. Ni wazo tu.

Wanzagi

*

Bunda
9 Oktoba 2024

Wanzagi,

Mwamvita amekuja leo. Sikumuuliza kitu, nilimwambia tu pole kwa kuchelewesha ile barua yangu ya mwezi uliopita. Akashangaa. Anasema alikupa mkononi stendi, Ijumaa tarehe 13, saa saba mchana, na uliisoma yote mbele yake umeegemea ukuta.

Nikamuuliza pia kama Shomari amesharudi kutoka msibani. Anasema Shomari hajatoka Musoma mwaka huu mzima, na kila akimwona anamuuliza picha ya marehemu italetwa lini.

Sina hasira. Au ninayo, lakini nimeiweka kando ili niweze kukuuliza vizuri. Umebaki mwezi mmoja. Usinieleze habari za jaji wala za Dotto. Niandikie mstari mmoja tu.

Picha ya Mama iko wapi?

Matrida

*

Kamunyonge, Musoma
13 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Mstari mmoja nimejaribu mara nne. Kila nikiuandika nauona mfupi mno, nachana karatasi.

Shomari hajasafiri. Mimi ndiye ninayezungukia nyuma ya msikiti ili nisipite mbele ya duka lake. Na aliyesimama getini ni mimi. Maige macho yake ni mazima.

Barua yako niliipata siku hiyo hiyo aliyoisema Mwamvita. Niliisoma, nikaiweka mfukoni. Stationery ya pale stendi ilikuwa wazi, hatua ishirini kutoka nilipoegemea, na yule kijana wa kompyuta alikuwa hana mteja, anakula muwa. Nikasema bado mapema. Halafu nikaanza kuwaonyesha watu kitambulisho changu cha mshiriki, kile cha kuning'iniza shingoni. Nikawaonyesha wauza karanga, nikawaonyesha makondakta, nikamwonyesha hata askari. Nilipogeuka, stationery imefungwa.

Picha za Mama hazipo. Kadi ilifutika asubuhi ya mashindano.

Wiki iliyopita nilikuja Bunda kwa Luqmani, yule fundi kompyuta wa karibu na soko. Ndiyo, nilikuja tena na sikukusalimu. Alikaa na kadi siku mbili. Anasema ukifuta, picha za zamani huwa zinabakiga humo chinichini, zinaweza kuvutwa, mradi usipige nyingine juu yake. Mimi nilipiga kumi na mbili juu yake. Amevuta kipande kimoja tu, na ni cha ile ya ungo. Nimekiweka ndani ya bahasha hii. Utaona paa la jiko, moshi kidogo, na kitambaa chake cha njano kichwani, mpaka kwenye nyusi. Kutoka hapo kushuka chini ni kijivu kitupu, kama ukuta uliosahaulika kupakwa rangi. Luqmani aliniuliza huku chini kulikuwa na nini. Nilimwambia ungo.

Uliniuliza kuhusu ya nane. Mada ya nane ilikuwa Kicheko. Niliifungua karatasi nikiwa nyumbani kwetu uani, mbele ya jiko lile lile. Nikamwita mama mdogo Happyness, nikamsimamisha pale pale, nikamwambia cheka. Akanionyesha meno kama yuko kwa daktari. Nikamwambia cheka vizuri, akaniuliza, "Ninacheka nini?" Nilikuwa naangalia kwenye kioo cha kamera, na badala yake namwona Mama na ungo. Ile ya Krismasi sikumpanga. Sikumwambia inua kidevu. Yule mama wa Mwanza aliponiuliza kama nimewahi kupiga mtu ambaye hakujua yuko kwenye picha, neno nililotaka kumwambia ni hilo: ndiyo, mara moja. Ni picha moja tu ya kweli katika maisha yangu yote, na niliiondoa ili nipate nafasi ya kwenda kupiga mstari wa akina mama, na Dotto, na koti.

Nilisimama kwenye geti lenu nikitafuta namna ya kuanza. Nilipata "Dada," basi, hakikuja kingine.

Baba mdogo nitamwambia mwenyewe Jumapili ijayo baada ya misa. Kamera yako nimempa Mwamvita akuletee pamoja na barua hii, nimeifunga kwenye taulo. Mchanga na maji ya kujengea kaburi nitasomba mimi, mafundi wasimlipe mtu. Ukisema tarehe 9 nisionekane, nitamaliza kusomba tarehe 8 na nitaondoka. Kuhusu kigae uamue wewe. Ukisema kiandikwe jina tu, Tereza, na chini kibaki kitupu, nitamwambia Shomari hivyo.

Kuna neno nimeandika huko juu, nimelisoma tena mara tatu na linanikataa. Nimesema kadi ilifutika. Hapana.

Kwenye meza ya Musoma kulikuwa na binti mpole anayekagua kamera. Akawasha ya kwako, akapitisha picha moja moja, halafu akasimama kwenye moja. Akasema, "Kaka, humu kuna picha za mama mmoja anacheka. Kanuni inataka kadi iwe tupu. Toka kwenye foleni, subiri maduka yafunguliwe, uzihifadhi kwanza, kisha urudi. Mpaka saa mbili na nusu tunapokea, ila wenzako watakuwa wametangulia." Nyuma yangu watu wanasukumana. Dotto ameshawasha pikipiki. Mfukoni nina barua yako.

Nikasema futa.

Hakufuta. Akaniangalia, akauliza, "Nakala unazo?"

Nikamwambia ninazo, ziko nyumbani. Akasita bado. Basi nikaichukua kamera kutoka mkononi mwake, nikabonyeza mwenyewe.

Wanzagi